Mpini Mrefu, Mikono Safi: Kuzoa Kinyesi cha Mbwa Bila Kuinama

Hotuba ya afisa wa afya ya umma mbele ya wakazi katika baraza la wananchi. Tunaichapisha kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Najua jua ni kali na wengine wenu mmeacha biashara zenu, kwa hivyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lililonileta.

Nimekuja kuzungumza juu ya kinyesi cha mbwa. Nasikia mtu anacheka huko nyuma. Cheka tu, ndugu yangu, lakini usiondoke.

Mara ya mwisho nilipozungumza nanyi niliwaambia kwamba kila mwenye mbwa aokote uchafu wa mbwa wake. Nilidhani nimemaliza. Mzee mmoja akainua mkono akaniuliza, "Mwanangu, wewe waniambia niokote. Nikishainama, ni nani atakayeniinua?" Watu walicheka sana, na mimi nikacheka. Lakini usiku swali lile lilinikosesha usingizi, kwa sababu sikuwa na jibu.

Siku chache baadaye nilimtembelea nyumbani kwake. Ana mbwa wawili, walinzi wazuri. Mgongo unamsumbua tangu siku zake za kubeba magunia. Nikamuuliza, "Mzee, hapa uani nani husafisha?" Akamwita mjukuu wake, mtoto wa miaka sita. Mtoto akanionyesha kazi yake kwa fahari kabisa: anachukua kipande cha kifuu, anakwangua, anatupa nyuma ya ua, kisha anarudi kucheza. Miguu mitupu. Mikono haijanawa.

Kwenye wayo wake wa kushoto niliona mstari mwekundu uliopindapinda chini ya ngozi, kama njia ya mchwa ukutani. Mama yake alidhani ni funza. Alikuwa amemchimba kwa pini mara mbili bila kupata kitu, na sasa kidonda kilikuwa kimeanza kutunga usaha.

Wananchi, hakuwa funza. Alikuwa ni kiluwiluwi cha mnyoo wa mbwa, anayetembea chini ya ngozi ya mtoto. Tulimpeleka zahanati, akapewa dawa, akapona. Lakini niliondoka pale nikijilaumu. Mimi nilisema "okoteni" bila kuuliza nani anaweza kuinama. Mtu mzima asipoweza, kazi haiachwi. Inashushwa kwa mtoto. Leo nimekuja kurekebisha kosa langu.

Kuna nini ndani ya uchafu huu?

Niwaeleze kwa ufupi mambo matatu, maana mtu akijua anachokiogopa hujilinda vizuri zaidi.

La kwanza ni minyoo ya safura ya mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, na kwenye mchanga wenye joto na unyevu, kama huu wetu wa Pwani, huanguliwa kwa siku moja au mbili. Baada ya wiki moja hivi viluwiluwi huwa tayari kupenya ngozi ya mtu anayekanyaga au kuketi juu ya mchanga huo. Ndicho kilichompata yule mtoto. Mstari unaoonekana ni njia ambayo kiluwiluwi amekwisha kupita. Yeye mwenyewe yuko mbele zaidi. Ndiyo maana ukichimba kwa pini humpati, unaleta kidonda bure. Usichimbe, wala usimwagie mafuta ya taa. Nenda zahanati.

La pili ni minyoo mirefu myeupe kama tambi, ambayo huwapata hasa watoto wa mbwa. Wengi wao huzaliwa nayo tayari, wameipata tumboni mwa mama yao. Mayai yake yana ganda gumu. Hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata miaka. Mtoto akishika udongo kisha akatia kidole mdomoni, huyameza. Viluwiluwi husafiri mwilini, huenda kwenye ini, mapafu, na mara nyingine jicho. Kikifika kwenye jicho kinaweza kuharibu uwezo wa kuona.

La tatu ni tegu mdogo sana wa mbwa, urefu wake milimita chache tu. Mbwa humpata kwa kula maini na mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo au ng'ombe yenye malengelenge ya maji. Binadamu akimeza mayai ya tegu huyo, huota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, unaokua polepole kwa miaka mingi bila yeye kujua, na mara nyingi hutibiwa kwa upasuaji. Wenzetu wa Turkana wanaufahamu ugonjwa huu. Kwa miongo mingi eneo hilo limejulikana kuwa miongoni mwa yaliyoathirika zaidi duniani. Nasi huku tunachinja, tuna mbwa, tusijione tuko mbali.

Siku ile ile, si Jumamosi

Sasa sikilizeni jambo hili, kwa maana lina nafuu ndani yake. Mayai ya ile minyoo ya tambi hayawezi kumdhuru mtu siku ile yanapotoka. Yanahitaji kukaa kwenye udongo kwa muda, kwa kawaida wiki mbili au zaidi, ndipo yakomae. Ya safura nayo yanahitaji siku kadhaa. Maana yake ni kwamba ukizoa kinyesi siku ile ile, unaondoa hatari kabla haijaiva. Ukingoja mvua inyeshe, kinyesi kitatoweka machoni lakini mayai yatabaki, yamesambaa ua mzima.

Ila mayai ya tegu ndiyo yasiyongoja. Hayo huweza kuambukiza papo hapo. Kwa hivyo hata kinyesi kibichi hakishikwi kwa mkono, na mikono hunawiwa kila mara, hata kama hukugusa kitu.

Chombo chenyewe

Nilimpelekea yule mzee swali lake mwenyewe nikiwa na fundi wa bati. Tulikaa uani mchana mmoja na hiki hapa ndicho tulichotengeneza. Chifu, naomba kiinuliwe watu wakione.

Ni vipande viwili. Cha kwanza ni kizoleo. Tulichukua debe la mafuta ya kupikia, tukalikata, tukabakisha kitako na pande tatu, upande wa nne ukawa wazi kama mdomo. Kingo zote zimekunjwa kwa ndani na kugongwa kwa nyundo, maana bati lililoachwa wazi hukata, na kidonda kwenye uchafu ni kukaribisha pepopunda. Mpini umepigwa misumari nyuma ya kizoleo, na umesimama karibu wima. Hapo ndipo siri ilipo. Mpini ukilazwa kama wa koleo, itabidi uiname ili mdomo uguse chini. Ukisimamishwa, mdomo unalala chini wenyewe huku wewe umesimama.

Cha pili ni kikwanguo: kipande cha ubao chenye upana wa kiganja, kimepigwa msumari mwishoni mwa mti mwingine wa urefu ule ule. Mwenye reki ndogo anaweza kuitumia kwenye nyasi. Fagio la chelewa halifai kwa kinyesi kibichi. Njiti zake hushika uchafu na huwezi kuzisafisha.

Urefu wa mpini upimwe kwa mwili wa mtumiaji. Simama wima, umevaa viatu, upime kutoka chini hadi kifuani. Kwa watu wazima wengi ni kati ya sentimita 110 na 130. Mpini wa fagio la dukani mara nyingi ni mfupi kidogo kwa mtu mrefu. Afadhali mti wa mkandaa au wa mvinje uliopigwa randa usiwe na vibanzi. Mwenye vidole vyenye baridi yabisi azungushie kitambaa au mpira wa tairi ya baiskeli pale anaposhika, upate unene wa kushikika.

Asiye na fundi wala bati asikate tamaa. Chukua mtungi wa plastiki wa lita 5 wa mafuta ya kupikia, ukate mshazari kutoka chini ya mkono wake hadi kitako, kisha ingiza mti kwenye mdomo wake na upige misumari miwili. Ukiuegemeza mpini, ile sehemu iliyokatwa inalala ardhini. Haudumu kama bati, lakini hauna gharama.

Namna ya kuzoa

Nitafanya hapa mbele yenu. Msiogope, hiki nilichomwaga ni udongo wa mfinyanzi.

Kwanza, viatu. Viatu vilivyofunika vidole, au mabuti ya mpira. Patipati hazitoshi.

Pili, vika kizoleo karatasi. Mnajua ile pakiti ya karatasi ya unga wa kilo mbili? Msiitupe tena. Kunja mdomo wake juu ya ukingo wa kizoleo, ikae kama mfuko uliofunguliwa. Gazeti kuukuu pia linafaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea mizigo tuliiaga katika nchi hii tarehe 28 Agosti 2017, na hapa hatuihitaji. Isitoshe, kinyesi kilichofungwa kwenye plastiki kikatupwa mtaroni kinakaa humo kama kimehifadhiwa.

Tatu, nyunyiza jivu au mchanga mkavu juu ya kinyesi. Jivu hukausha uso wake kisigande kwenye ubao. Mbwa akiwa anaharisha, mwaga jivu jingi au vumbi la mbao, subiri dakika tano hadi kumi linywe majimaji, ndipo uzoe.

Nne, weka kizoleo upande wa pili wa kinyesi, si nyuma yake. Kishikilie kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili vuta kwa kikwanguo kuja kwenye mdomo. Vuta pamoja na tabaka jembamba la mchanga wa chini, kiasi cha unene wa kidole. Usitupe mikono kwa kasi, uchafu utaruka. Mgongo umenyooka, mguu mmoja mbele kidogo. Ukihisi kiuno kinakunjika, mpini wako ni mfupi.

Mwenye kiti cha magurudumu au anayetumia mkongojo, mwombe fundi akupe mpini mmoja tu wenye kizoleo kizito kidogo kisichoteleza, na uwe na ukuta au jiwe la kukisukumia. Kinyesi kinasukumwa kuelekea ukutani, kinapanda chenyewe kwenye kizoleo. Tumelijaribu hilo na linafanya kazi.

Tano, beba kizoleo hadi mahali pa kutupa, ukipindue. Pakiti inashuka na vilivyomo. Hukuinama, hukugusa.

Kitupwe wapi?

Mahali pazuri zaidi kwa wengi wetu ni choo cha shimo. Kinyesi na pakiti yake ya karatasi vyote viingie. Mwenye choo cha kuvuta maji atie kinyesi peke yake, bila karatasi wala mchanga, asije akaziba bomba.

Asiyekuwa na nafasi hiyo achimbe shimo lenye kina kisichopungua nusu mita, lenye mfuniko, mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, na mahali ambapo maji ya mvua hayapiti. Kila akitupa, afunike kwa udongo au jivu. Nasisitiza jambo la kisima kwa sababu miamba yetu ya matumbawe ina matundu. Kinachoingia juu hufika majini upesi.

Kisitupwe mtaroni, kisitupwe ufuoni, kisitupwe kwa jirani. Na kisiwekwe kwenye bustani ya mchicha. Wengine husema, samadi ni samadi. Hapana. Mbwa si ng'ombe; kinyesi chake kina minyoo inayotupenda sisi na watoto wetu, na rundo la mbolea la nyumbani aghalabu halipati joto la kutosha kuua mayai.

Baada ya kuzoa

Mimina maji ya sabuni kwenye kizoleo na kikwanguo kilichoegemezwa ukutani, usugue kwa burashi yenye mpini mrefu, kisha uyamwage maji hayo chooni. Halafu mwagia maji yanayochemka, uanike juani. Dawa za klorini ni nzuri kwa bakteria, lakini mayai ya minyoo huzistahimili; maji yanayochemka hayastahimili. Aliye na mikono inayotetemeka asimwage maji ya moto mwenyewe, amwombe mtu mzima mwenzake.

Sakafu ya saruji nayo ni hivyo hivyo: zoa kwanza, osha kwa sabuni, maliza kwa maji ya moto. Usianze kwa kumwaga maji juu ya kinyesi, utakuwa umekieneza.

Chombo kitundikwe juu, mbali na jikoni, na kisitumike kwa kazi nyingine yoyote. Kipake mpini rangi nyekundu ili kila mtu nyumbani akijue. Kisha nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, katikati ya vidole na chini ya kucha, kwa sekunde 20.

Mbwa mwenyewe

Tukizoa tu bila kumtibu mbwa, tunafuta maji sakafuni huku bomba liko wazi. Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo kuanzia wiki mbili baada ya kuzaliwa, warudiwe kila wiki mbili hadi wafikie miezi mitatu. Mbwa wakubwa wapewe kila miezi mitatu. Mwulize daktari wa mifugo kama dawa hiyo inaua tegu pia, kwa kuwa si kila dawa ya minyoo inamuua. Inayomuua huwa na prazikwanteli.

Na mnapochinja, iwe ni Idi, Krismasi au harusi, msimtupie mbwa maini na mapafu yenye malengelenge. Yazikwe au yachomwe. Hapo unakata mnyororo kabisa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka. Ugonjwa huo hauenezwi kwa kinyesi, ila kwa mate, hasa anapouma. Lakini nikiwa nimeshika kipaza sauti sitaliacha: mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje aone kama mbwa atakufa.

Ujirani wetu

Katika mitaa hii tunaishi watu wa dini na desturi mbalimbali. Kuna anayempenda mbwa wake kama mlinzi, na kuna jirani anayepita alfajiri na nguo safi akielekea kuswali. Akikanyaga, amelazimika kurudi nyumbani. Ofisi yetu hupokea malalamiko ya namna hiyo, na mengi yangekwisha kwa kizoleo kimoja na dakika tatu za kila asubuhi.

Sheria ipo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti na kutunza wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, nayo inatupa uwezo wa kumtaka mtu aondoe kero inayohatarisha afya. Lakini sikuja na sheria mkononi leo, nimekuja na debe. Ningependa tumalizane kijirani kabla hatujamalizana kwa barua.

Ninachowaomba

Nimalizie kwa ombi moja. Kazi ya kuzoa uchafu wa mbwa isiwe ya mtoto. Iwe ya mtu mzima, na sasa mgongo si sababu tena, wala magoti, wala ujauzito. Mama mjamzito akiwa na mtu mwingine wa kumsaidia ni bora zaidi, na kinyesi cha paka ndicho ajiepushe nacho kabisa, kwani kina kijidudu kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Yule mzee nilimwona wiki hii. Kizoleo chake kimetundikwa kwenye mnazi, mpini mwekundu. Ameniambia kwamba kila asubuhi, baada ya chai, anazunguka ua mara moja, na mbwa wawili wanamfuata nyuma kama askari. Mjukuu ana viatu sasa, na kazi aliyopewa ni kumletea babu pakiti za unga zilizokwisha.

Fundi yuko pale, ameleta kizoleo cha mfano na mkasi wa bati. Mwenye debe lake na alete tujifunze pamoja kabla jua halijazidi. Mwenye mtoto anayejikuna mguu, aje nimwone leo, asione haya.